Karatasi za Sifa za Nyumba ya Hajati

Kabla ya alfajiri Mariette aligonga mbabula yake, jiko lake la makaa, chini mara tatu, ko, ko, ko, majivu ya jana yakadondoka. Jirani wa chumba cha pili alikuwa ameuzoea mlio huo. Akiusikia alijua kwamba Mama Grâce, kama wote walivyomwita Mariette, ameamka, basi yeye hugeuka upande wa pili ajilalie tena kidogo. Hakulalamika hata siku moja. Tena msimu wa mvua jirani huyo huyo alimwachia Mariette makaa makavu mlangoni, wala hakubisha hodi ashukuriwe.

Vyumba vyao vilikuwa Nyamitanga. Kila siku Mariette alikunywa chai yake kwa haraka, akavuka daraja la Rwizi ukungu ukiwa bado juu ya maji, akafika mjini Mbarara kwenye nyumba ya wageni ya Hajati Hanifah watalii wakiwa wamelala. Watalii hao walilala hapo usiku mmoja tu, njiani kwenda kuwaona sokwe milimani au pundamilia wa Ziwa Mburo. Mariette aliwafulia mashuka. Ilikuwa kazi yake tangu mwaka 2007, na sasa ulikuwa 2011.

Asifikiri mtu kwamba kufua shuka ni kazi ya kukosa kazi. Mariette alilifua shuka, akaliloweka mara ya pili, akalianika kwa kulivuta pembe nne, kisha akalipiga pasi likiwa na unyevu kidogo ili likauke chini ya pasi na kulainika kama ngozi ya mtoto. Alikuwa na sababu yake. Usiku wa kwanza alipofika Kabazana, kituo cha kupokea wakimbizi, kutoka Fizi kule Kongo, yeye na mama yake na binti yake Grâce mgongoni, walilazwa kwenye ukumbi pamoja na wakimbizi wengine wengi, na hawakuwa na cha kujifunika. Mwanamke mmoja asiyemjua alilishika shuka lake kwa meno, akalipasua katikati, akampa nusu. Asubuhi akaondoka, hata jina hakuliacha. Tangu hapo kila shuka lililopita mikononi mwa Mariette lilikuwa kama anamrudishia mwanamke yule.

Hajati hakuwahi kumkagua. Alipita tu nyuma, akagusa shuka kwenye kamba, akasema, "Mama Grâce, hii hata mimi nalala," akaendelea na tasbihi yake.

Mwaka huo mwanawe Hajati, Ridhiwan, alirudi kutoka Kampala alikosomea kazi ya mahoteli. Alikuwa mtoto mzuri, mwenye adabu, anayeinama kumsalimia mpishi. Lakini alikuwa na haraka ya kutumia alichosoma. Akawaita wote uani, akasimama mbele ya ubao mpya uliopakwa rangi nyeusi.

"Mshahara ulio sawa kwa wote unalaza watu," alisema. "Anayefanya vizuri na anayesinzia wanapata sawa. Je, hiyo ni haki?"

"Si haki," alijibu Wahabu, mhudumu wa mezani, ambaye hakusinzia kamwe.

Ridhiwan akaeleza. Mshahara wa kila mmoja utabaki pale pale. Lakini kuna nyongeza, nayo itakwenda kwa karatasi za sifa. Kila mgeni ataachiwa karatasi chumbani, aandike jina la aliyemhudumia vizuri. Karatasi zitasomwa kila mwisho wa wiki na kuhesabiwa ubaoni. Mwenye nyingi, nyongeza nyingi. Na asiyepata hata moja kwa miezi mitatu, kazi yake itaangaliwa upya.

Watu walitazamana. Hakuna aliyehitaji kuelezwa maana ya kuangaliwa upya.

Mariette aliinua mkono. "Patron, bageni banapita huku mbele. Mimi niko kule nyuma, na sabuni. Batanionea fasi gani?"

Ridhiwan alitabasamu, akasema kazi nzuri haijifichi. Hakusema kwa ubaya. Lakini wiki ile ile Mariette alimsikia akimwambia mama yake kwamba kuna dobi mjini mwenye mashine kubwa, na nyumba za kisasa zote zinapeleka nguo huko. Hapo akaelewa kwamba miezi mitatu ni yake yeye. Kule Juru, kwenye makazi ya wakimbizi, Grâce alikuwa darasani, na mama mzee wa Mariette alikuwa akipalilia maharage kwa mgongo usiotaka tena kuinama. Kama kazi hii ingekwisha, wote wangerudi kwenye jembe lile moja.

Basi mambo yakaanza. Gari la watalii likisikika tu langoni, watu sita walikimbilia sanduku moja. Siku moja Wahabu na mlinzi wa lango walilishika sanduku la bibi mmoja mzungu, huyu huku na huyu kule, kila mmoja akisema "karibu, karibu," hadi bibi akalikumbatia sanduku lake kama mtoto anayeibwa. Mpishi alitoka jikoni na mwiko mkononi kusalimia wageni, ugali ukaungua. Kaudha, aliyesafisha vyumba, aliacha kufagia chini ya vitanda. Alisimama kwenye kibaraza na maua, akitabasamu tangu asubuhi.

"Mashavu yananiuma," alimwambia Mariette alipokuja kuchukua mashuka.

"Kwani nani amekutuma ucheke?"

"Karatasi imenituma. Lakini yule Wahabu nani atamweza? Ana meno mengi kuliko mamba wa Rwizi. Siku Mungu akimng'oa mawili, atakufa njaa."

Wahabu alikuwa akipita na birika. "Nyabo, mimi hata nikiwa kibogoyo nitakushinda," alisema, akaenda zake akicheka. Jina lake ubaoni lilikuwa na mistari thelathini na moja. La Kaudha saba. La Mariette halikuwa na kitu, ila vumbi la chaki lililodondoka kutoka juu.

Mwezi wa kwanza ukapita hivyo, na wa pili. Mariette hakubadili kazi yake. Aliloweka mara mbili, akavuta pembe nne. Kaudha alimshauri asimame mlangoni na shuka mkononi wageni wamwone. Alijaribu mara moja. Alisimama, mgeni akapita, akamwinamia kwa heshima, Mariette naye akainama, na mambo yakaishia hapo. Alirudi nyuma akicheka peke yake mpaka machozi.

Wiki ya kwanza ya mwezi wa tatu, Ridhiwan akisoma karatasi, alisema, "Mama Grâce, moja." Akachora mstari. Watu wakapiga makofi, na makofi yale yalikuwa ya kweli, kwa maana hakuna aliyetaka aondoke. Wahabu alipiga kuliko wote.

Mariette alibaki amesimama. Watu walipotawanyika alimfuata Ridhiwan.

"Patron, naomba uifute ile yangu."

"Kwa nini, mama?"

"Mgeni analijua jina langu? Tuseme analijua. Ataandika Mariette. Hii imeandikwa Mama Grâce. Ni mzungu gani anamujua Grâce?"

Ridhiwan aliitazama karatasi tena. Akaona haya, maana yeye mwenye kusoma hakuwa ameliona. "Nani ameandika?"

"Mutu wa roho nzuri na mwandiko mubaya," alisema Mariette. "Usimutafute. Lakini mimi sitaki kukaa kazini kwa huruma ya karatasi. Nimefua miaka ine. Kama kazi yangu haionekani, basi niende nikijua ni kazi yangu ndiyo haikuonekana, si kwamba nilidanganya."

Ridhiwan alichukua kitambaa, akaufuta mstari polepole. Jioni Wahabu alikuja uani. Alibeba ndoo mbili za maji za Mariette mpaka kwenye karai, akamwaga, akaenda. Mariette naye alimpigia pasi kola ya shati lake la kazi, akalining'iniza mlangoni mwa jikoni.

Siku zikapita, ikabaki wiki moja miezi mitatu itimie.

Jumatano ya wiki hiyo, saa sita mchana, mvua ikiwa inanyesha tangu asubuhi, gari liliingia. Lilileta wageni tisa, wazee, walimu waliostaafu, wakitoka milimani kuwaona sokwe. Kama kawaida, watu sita walikimbia. Wahabu alifika wa kwanza, akalinyanyua sanduku la kwanza, na maji yakamwagika kutoka ndani yake hadi viatuni.

Gari lao lilikuwa limezama kijitoni, dereva akaeleza. Turubai la juu likachanika. Hakuna nguo hata moja kavu, ila walizovaa, nazo zilikuwa na matope hadi magotini. Na kesho alfajiri walikuwa na safari ya Entebbe kupanda ndege.

Mmoja mmoja, wale waliokimbia wakaanza kurudi nyuma. Sanduku lililolowa ni kazi ya kufua, na kazi ya kufua haina karatasi. Mpishi akakumbuka sufuria yake. Mlinzi akakumbuka lango.

Ridhiwan alimpigia simu dobi wa mjini. Dobi akamjibu kwamba umeme umekatika tangu asubuhi, mashine zimelala, ajaribu kesho. Ridhiwan akaiweka simu mfukoni, akaenda nyuma, akakuta Mariette amekwishawasha mbabula ya pili.

"Mama, unaweza?"

Mariette alizitazama nguo zilizorundikwa mbele yake: mashati, suruali, soksi za sufu nzito kama paka waliolowa. "Peke yangu, hapana. Siongopi. Lakini tukifanya salongo, tunaweza mbele ya magharibi."

"Salongo ni nini?" aliuliza Kaudha, aliyekuwa amechungulia mlangoni.

"Kwetu, kama barabara imeharibika, ao shamba la mujane linataka kulimwa, bantu bote banatoka. Kila mutu na jembe lake. Hakuna malipo ya huyu wala ya yule."

"Kumbe bulungi bwansi," alisema Kaudha. "Hata baba yangu alikuwa anatutoa kwa kiboko."

Wahabu alikuwa nyuma yake, viatu bado vinatoa maji. "Sasa hapo karatasi inaandikwa jina la nani?"

"La hakuna mutu," Mariette alijibu. "Kwenye salongo hatuhesabu aliyekuja. Tunahesabu asiyekuja."

Mlinzi, aliyekuwa akisikiliza kutoka langoni, aliliacha lango na mnyororo wake akaja. Maana kuhesabiwa kwa kutokuja ni jambo ambalo kila mmoja pale, awe Mkongo, awe Mganda au Mnyankore, alilijua aibu yake tangu utotoni.

Kisha Hajati Hanifah mwenyewe akatoka, akavuka uwanja na mwavuli, akaweka tasbihi mfukoni na kukunja mikono ya gauni. "Nilipiga pasi sare za shule ya masista miaka mitatu kabla sijaolewa," alisema. "Nipe iliyo nzito."

Mariette aliwapanga. Mlinzi na dereva wakakamua, wawili wawili, kwa kusokota. Mpishi akaleta makaa na kuchochea. Kaudha akatandaza blanketi juu ya meza tatu. Kamba zikafungwa ndani ya ukumbi wa kulia chakula, kutoka dirisha hadi dirisha, na mbabula nne chini yake, milango wazi ili moshi utoke. Wahabu alikata majani ya migomba awe anawapitishia wapiga pasi, kila pasi isuguliwe juu ya jani bichi iteleze. Huko nyuma hapakuwa na mgeni wa kumwona, lakini hakuacha mdomo wake. Alitangaza kila soksi kama mpira wa ligi: "Sasa ya kushoto inamtafuta mwenzake. Hayupo. Yuko wapi? Jamani, amekimbilia Tanzania."

Ridhiwan alichukua pasi ya makaa. Hakuwahi kuishika tangu azaliwe. Alibonyeza juu ya shati jeupe, akasikia Wahabu akisema jambo, akageuka kucheka, na alipogeuka tena palikuwa na alama ya hudhurungi yenye umbo la mtumbwi juu ya kola.

Hakuna aliyecheka. Mariette alikuja, akainyanyua pasi, akaigusa kwa kidole chenye mate. "Iliwaka sana. Unaisikiliza kwanza. Ikisema *tsss* kwa sauti kubwa, ngoja. Ikisema polepole, ni tayari." Alimpa tena mkononi. "Endelea, mwanangu. Shati lingine hili."

Aliendelea. Saa nzima hakuinua kichwa. Jasho lilimtoka, kiuno kikamkaza, na mara moja Mariette alimwona amesimama akizitazama kamba, akihesabu kimoyomoyo mashuka ya vyumba kumi na vinne, kila siku, kwa miaka minne.

Bibi mmoja wa kizungu, mwenye nywele nyeupe fupi, alikuja kutafuta kitambaa chake cha shingoni. Akakuta ukumbi umegeuka msitu wa nguo. Alisimama mlangoni, kisha akavuta kiti, akakaa, akaanza kuoanisha soksi. Hakuna lugha iliyopita kati yake na Mariette. Kila alipopata jozi alimnyooshea, Mariette akaipokea kwa mikono miwili. Baadaye wenzake wakamfuata, wakatazama nani anafanya nini, wakauliza majina. Wahabu ndiye aliyewatajia. Alianza na Mariette, tena akaonyesha kwa mkono wazi, si kwa kidole. Jina lake mwenyewe alilisahau mpaka Kaudha alipomtajia.

Kabla ya adhana ya magharibi nguo zote zilikuwa zimekunjwa. Ridhiwan alilichukua shati lililoungua akampelekea mwenyewe, mzee mwembamba mwenye miwani. "Mimi ndiye niliyeliunguza," alimwambia. "Si wao." Mzee aliligeuza kola, akatazama ule mtumbwi, akasema atalivaa hivyo hivyo ndani ya ndege.

Asubuhi waliondoka na karatasi tisa zikabaki. Ridhiwan alisimama mbele ya ubao na chaki mkononi kwa muda mrefu. Sheria yake ilisema karatasi moja, jina moja. Karatasi mbili ziliandikwa Mariette. Nyingine zilikuwa na majina sita, saba, nane, yamebanana hadi pembeni. Moja ilikuwa na la dereva, ambaye hakuwa hata mwajiriwa wa nyumba hiyo.

Akaenda nyuma. Mariette alikuwa akianika.

"Mama Grâce, hizi nizigawe vipi?"

"Chakula cha salongo hatupimi kwa urefu wa jembe," alisema. "Chungu kimoja, kila mutu na sahani."

"Na anayesinzia?"

Mariette alivuta pembe ya shuka, akampa nyingine ashike. Swali lilikuwa la haki, na hakutaka kulijibu kwa wema mtupu. "Huyo muhesabu. Alipoitwa akakosa kuja, sahani yake ipungue. Lakini usimuhesabu mutu kwa kuwa alikuwa nyuma ya ukuta."

Jumamosi watu waliitwa uani. Karatasi ziliendelea kuwapo, Ridhiwan alisema, maana wageni wanapenda kushukuru na inafaa tujue. Lakini nyongeza yote itaingia chungu kimoja, ya mbele na ya nyuma, na bakshishi za mezani nazo. Hapo watu wakamtazama Wahabu, kwa kuwa yeye ndiye wa kupoteza. Wahabu akakuna shingo.

"Mgeni wangu analala kwenye shuka za nani?" alisema. "Mgeni akilala vibaya, kesho ananipa nini? Ananipa macho mekundu. Weka kwa chungu."

Na ile habari ya miezi mitatu Ridhiwan aliifuta mbele yao, kwa kiganja, akajipaka chaki suruali nzima. Halafu Hajati akamwita Mariette mbele, akampa barua. Mariette alisoma taratibu, kidole chini ya kila neno, hakuna aliyemharakisha. Ilisema kwamba Mariette ameajiriwa kwa kudumu kuwa msimamizi wa ufuaji, na kwamba atachagua wanawake wawili wa kufanya naye. Jina lake lilikuwa limeandikwa lote, na la baba yake pia. Alilisoma mara mbili. Kisha akaikunja barua kama anavyokunja shuka, pembe kwa pembe, na akasimama wima mbele ya watu wote, bila kuinamisha kichwa.

Mwezi uliofuata Hajati alisema anataka kupaona anakotoka mfanyakazi wake. Wakaenda Juru kwa gari la nyumba, Hajati, Ridhiwan, Kaudha na Wahabu, kwa barabara ya vumbi, kati ya mashamba ya mahindi na watu wa baiskeli waliowapisha. Marie, mama mzee wa Mariette, alikuwa amefagia uwanja mara tatu. Alikuwa pia amempeleka kuku kwa Msomali mwenye duka amchinje kwa Bismillahi, ili Hajati asile kwa mashaka. Hakumwambia mtu. Hajati alilijua pale Msomali alipopita kusalimia na kulitaja, na akaweka kijiko chini akamwombea Marie dua.

"Sasa huyu binti yangu," Marie aliuliza, "kweli banamusikiliza kule?"

"Bibi," alisema Ridhiwan, "alinifundisha kupiga pasi. Na aliniambia niufute mstari ambao ungemwokoa. Sijapata mwalimu kama yeye huko Kampala."

Marie hakuelewa habari ya mstari. Lakini aliwatazama majirani waliojaa ukingoni mwa uwanja, akahakikisha wamesikia, akaomba Ridhiwan arudie kwa sauti zaidi kidogo kwa ajili ya wa nyuma. Ridhiwan akarudia. Mariette alijifanya anapanga sahani. Grâce alimwona mama yake anacheka kwa mabega.

Jua lilipopungua waliondoka. Marie hakuwaagia mlangoni. Kwao mgeni husindikizwa. Alikwenda nao na fimbo yake hadi barabarani, akimshika Hajati mkono njia nzima, mikono miwili ya wazee, mmoja wa pasi za zamani na mwingine wa jembe. Walipofika garini hakuuachia.

"Hajati, mutarudia lini? Usiniambie mwaka kesho, mimi ni mukongwe. Mukuye mwezi huu tena, maharage itakuwa imekomaa."